Liste ya Wasio na Uwezo

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 7 mwezi wa saba

Nimefungua robine, bomba letu la maji, saa kumi na moja na nusu. Rozari nimesali nikiwa nimesimama, mukono mumoja kwa shanga, mwingine kwa ufunguo. Bidoni za kuchotea maji zilikuwa zimekwisha kujipanga toka jana jioni, mustari mpaka kwa kibanda cha makala ya kupikia. Ya Muzee Kalisti mbele, yenye kamba nyekundu shingoni. Nyuma yake ya Mama Zawadi, yenye musalaba wa rangi nyeupe. Ninazijua zote. Miaka kumi na ine ninalinda bomba hili la aveni yetu. Nikifumba macho na kushika shingo ya bidoni nasema ni ya nani.

Hapa kwetu bidoni ni mutu. Unaiweka kwa mustari, unaenda zako Misa ao sokoni, hakuna wa kuisogeza. Aliyewahi kuisogeza ya mwenzake, aveni nzima ilimukalia kimya mwezi muzima.

Kiangazi kikali. Mawe ya volkano yanapika nyayo toka saa tatu. Mabati hayatatupa tone mpaka mwezi wa tisa.

Saa ine amekuja bwana wa kampuni. Shati nyeupe, viatu vyeupe, katika vumbi hili. Amesema serkali imewaachia robine zote za upande huu. Komite yetu ya maji imekufa. Serkali haiwezi tena kubeba maji ya watu. Wakubwa wanaoikopesha inchi wamesema kila mutu abebe ya kwake. Kutakuwa karte, kadi ya kulipia maji mbele. Mimi nitabaki kwa robine kama nitafanya kazi muzuri.

Nilimukumbuka marehemu mume wangu. Alikuwa mufundi wa mabomba ya serkali. Siku walipofunga atelie, karakana yao, walimupa barua ya shukrani, mishahara yake hapana. Aliikunja ile barua ndani ya Biblia akaanza kufa polepole. Mimi siwezi kurudishwa nyumbani na barua. Nina watoto wane.

Kisha akaniomba liste. Nyumba zote zisizo na uwezo, jina na shida ya kila moja. Hapo moyo wangu ulitulia. Nani hajui maana ya liste hapa Goma?

Siku ya pili, tarehe 8

Nimezunguka na kayee, daftari langu, mulango kwa mulango. Hakuna aliyeuliza ni ya nini. Volkano ilipotoka, liste ilileta mahema. Vita vilipokuja, liste ilileta maharagi na mafuta. Mutu akija na bic na karatasi, unavaa nguo mbovu, unatoa watoto wote nje.

Mama Zawadi nilimukuta anafua mashuka ya watu. Yeye ni wa Rutshuru. Alikimbia na goti lenye risasi, akalala kambi ya Kanyaruchinya chini ya hema, hema zilipobomolewa akakodi chumba cha mbao nyuma ya kwangu. Toka akimbie, miaka mitatu sasa. Tunasali shirika moja la kanisa. Goti lake halipande mulima. Bila robine hafui, asipofua hali. Hivyo tu.

Aliponiona na kayee alicheka.

"Mama Febroni, miye uniandike mara mbili. Mara moja na jina ya ubatizo, mara ingine na jina ya njaa."

"Jina ya njaa ni gani?"

"Andika tu Zawadi. Mungu atajua ndo ile."

Nimemuweka namba moja. Muzee Kalisti namba mbili, ingawa alinung'unika kwamba yeye anauza makala, si musikini, ni mweusi tu kwa kazi. Nikamuandika hata hivyo. Nyumba thelathini na nane. Zingine nimeziongezea shida kidogo, wagonjwa wawili nikafanya watatu. Bwana anisamehe. Kwa liste watu wote wanafanyaka vile.

Mimi sikujiandika. Mulinzi wa robine ajiandike, watu watasema nini.

Siku ya tano, tarehe 11

Nimempa bwana yule liste. Hakuichukua kwanza. Aliipiga picha na telefone, kurasa zote, ndipo akazichana akaziweka mufukoni, akasema hajaona mwandiko safi namna hii. Niliona fahari. Nilifika darasa la sita tu lakini masista walitufundisha kuandika.

Mafundi wamefunga kisanduku cha chuma kwa robine. Ufunguo wangu wa zamani hauingie tena. Wamenipa jile ya kijani, kizibao cha kazi. Karte zitatolewa siku ya kwanza.

Siku ya Mungu, tarehe 13

Misa ya kwanza. Padri amehubiri juu ya mikate mitano na samaki mbili. Nimewaza liste yangu. Nimewaza, hata mimi nimebeba kikapu.

Nilikuwa na kiburi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Siku ya kwanza, tarehe 14

Siku mbaya.

Walileta meza, karte, na walinzi wawili wenye kofia za bleu. Wakaita majina. Nilingoja namba moja yangu. Wakaita wa duka. Wakaita mwalimu. Wakaita mwenye pikipiki mbili. Wakaniita mimi. Kisha wakafunga sanduku la karte.

Nilimufuata yule bwana nyuma ya gari. Nikamuuliza, wale wa liste? Alinishangaa kweli, si kwa ubaya. Akasema, "Mama, umetusaidia sana. Kampuni haiwezi kupoteza karte kwa mutu ambaye hata wewe jirani yake umeandika kwamba hana kitu."

Nikamwambia niliandika ili wasaidiwe. Akasema wao hawasaidie, wao wanauza.

Niliporudi kwa robine, mumoja wa wale walinzi, yule murefu, alikuwa anaondoa bidoni za mustari kwa teke. Moja moja, kama mutu anafukuza kuku. Watu walitazama. Mutu anapiga bidoni teke, nani aliwahi kuona? Alipofika kwa ile ya kamba nyekundu, Muzee Kalisti akasimama mbele yake.

"Kijana, hii bidoni ilianza kusimama hapa weye ungali kwa mugongo wa mama yako."

"Bidoni haina karte, muzee. Ondoka."

Akaipiga teke. Ikapasuka kwa jiwe. Muzee akamuzaba kofi.

Fimbo ya kwanza ilimupata kwa mudomo. Meno mawili yalianguka, niliyaona yote mawili. Ya pili kwa mbavu, na pale nilisikia kitu kama kuni kavu. Alipokuwa chini mwingine alikuja na buti. Kichwani. Tumboni. Muzee hakulia. Alikuwa anatafuta kofia yake kwa vidole.

Mimi nilikuwa nimesimama mita tatu, jile ya kijani mwilini. Sikusogea.

Sikusogea.

Siku ya tatu, tarehe 16

Mama Zawadi ameteremka ziwani, Kituku. Kwenda, sawa. Kupanda na bidoni mugongoni, mukaba wa kubebea kwa kipaji cha uso, goti likakataa. Alianguka mara tatu. Mara ya tatu bidoni ilimutangulia na kumwagika yote, na watoto wa njiani wakamupigia makofi. Alinieleza hayo akicheka, huku anatoa changarawe ndani ya nyama ya goti na pini.

Anafikiri kampuni ilichagua majina kwa bahati. Anasema tombola ya shetani.

Sikumwambia. Nikamaliza chai.

Nimemupitishia sufuria mbili za maji nyuma ya ukuta. Mulinzi murefu ameniona. Amenisukuma kwa chuma cha robine, nundu kama yai. Akasema mara ya pili karte itachukuliwa na mimi nitajiunga na wenzangu wa ziwani.

Ninamuchukia. Nilijaribu kumuombea, sala inafika kwa jina lake inageuka. Halafu simujue hata jina.

Siku ya ine, tarehe 17

Muzee Kalisti amekufa.

Toka jana alikuwa anatapika damu nyeusi. Tulimubeba juu ya ubao, mikono nane. Kwa kituo cha afya waliomba kaution kwanza, pesa za kuweka mbele. Mwanamuke wa karatasi alikuwa na haya, hilo nalisema. Alisema zamani alikuwa anapokea mugonjwa kwanza, sasa akimupokea mutu bila kaution wanakata kwa mushahara wake. Wana wa Muzee wakaenda kutafuta pesa. Tulimuketisha kwa benchi ukumbini, kati ya mama mujamzito na mutu mwenye jino linalouma. Alikufa ameketi. Saa nane ya muchana, watu wanapita. Tulijua kwa sababu aliacha kushika mukono wangu.

Maji kwanza karte. Dawa kwanza kaution. Shule kwanza pesa ya minervali. Siku moja watasimama kwa mulango wa kanisa.

Mukono wake ulikuwa ungali na makala ndani ya mistari.

Siku ya tano, tarehe 18

Naandika na jicho moja. Lingine limefunga.

Desturi yetu: nyumba yenye kilio haipange mustari. Mulinzi wa robine anajaza beseni ya kumuosha maiti mbele ya kila mutu, hata akiwa anangoja gavana. Nilifanya hivyo miaka kumi na ine. Mama Zawadi alikuja saa mbili na beseni kubwa kichwani, bidoni yake tupu mukononi, wamama wawili nyuma yake, vitambaa vya kilio kwa kiuno. Aveni nzima ilikuwa imetoka. Nilitia karte yangu kwa kisanduku. Maji yakaanza.

Mulinzi murefu akauliza, "Marehemu iko na karte?"

Mama Zawadi akashika ukingo wa beseni.

"Ni maji ya kilio," nikasema.

"Kwani huko anaendaka hakuna mito?" Akacheka na mwenzake. Akachomoa karte yangu. Akainamisha beseni na buti, maji yakaingia ndani ya mawe. Nikamwambia atalaaniwa. Hapo akakasirika. Akatoa mufukoni karatasi ya kayee yangu.

"Munanichukia miye bure. Nani aliwatoa? Tazameni mwandiko. Namba moja, Zawadi, mujane, hana kitu. Namba mbili, Kalisti, hana kitu. Ni mama yenu huyu."

Alizungusha karatasi mbele ya nyuso. Wenye kusoma wakasoma. Mwandiko wangu wa masista, safi, unaujua hata mutu wa mbali.

Mama Zawadi alinitazama. Akasema polepole, "Uliniweka mbele ili wanifungie maji mbele?"

Nilifungua mudomo nikaanza na ile habari ya mahema na maharagi. Hata masikioni mwangu ilikuwa uongo.

Wa kwanza kunipiga ni yeye. Na bidoni tupu, ile yenye musalaba. Bidoni tupu haiue lakini pembe inapasua. Nyusi ikafunguka, damu ikanijaa jicho. Kisha wengine. Walinishika nywele, wakachana jile, mutu alinikanyaga shingo, mutu aliniuma bega, ninayo alama ya meno. Binti wa Muzee Kalisti alinipiga kwa kiatu na kila pigo alisema baba, baba. Sikujikinga. Nilisema tu Bwana hurumia, hata sijui nilimuombea nani.

Kilichoniokoa si huruma. Mutu mumoja alipiga kelele, kisanduku, wakaniacha wakageukia kisanduku. Mawe ya volkano mazuri kwa hilo. Wamama walikishindilia kama wanatwanga majani ya sombe. Walinzi wakarudi nyuma. Kifuniko kikaruka na bomba likapasuka, maji yakapanda juu ya paa. Watu wote wakawa wanacheka. Kweli, wanacheka, wamelowa, kila mutu na bidoni yake, na binti wa Muzee amejaza beseni.

Walinzi wakapiga risasi. Kwanza juu. Kisha hapana juu.

Kijana mumoja, fundi wa pikipiki wa kwa kona, alianguka uso ndani ya maji, hakuinuka. Maji yakawa mekundu yakiteremka barabara, na chini kuna waliokuwa hawajaona, wakaendelea kuyachota. Mama mumoja risasi imemupita mukononi. Kila mutu alikimbia, bidoni zikabaki.

Nilitambaa mpaka nyumbani. Mutoto wangu mukubwa ameshona nyusi na uzi wa kawaida.

Nilisababisha hii. Sitaki mutu aniambie kwamba sikusababisha.

Siku ya posho, tarehe 19

Mama Zawadi hajafungua mulango. Muzee ameoshwa na maji ya ziwa. Mimi sikuenda mazikoni. Nilisikia nyimbo zikipita, nikapiga magoti nyuma ya mulango wangu.

Siku ya tano, tarehe 25

Naandika na mukono wa kushoto. Maneno yanaanguka.

Walinzi wa kampuni walinichukua ile ile siku ya posho, tarehe 19, kabla jua kushuka. Siku tatu ndani ya kontena ya kampuni, bila dirisha. Moto ule wa mabati sitausahau. Niseme yote hapa, halafu basi.

Walikuwa wamekusanya bidoni zilizobaki kwa robine. Ishirini na sita. Wamezipanga mustari muzuri, kama sisi. Yule bwana wa viatu vyeupe alikuwepo, kimya, anafuta jasho. Alinipa bic. Alisema kisanduku kinatoka mbali, wenye kampuni wanataka majina ya waliokivunja. Kila bidoni na mwenyewe. Akasema, "Wewe unazijua, mama. Uliwaandika wenyewe muzuri sana."

Yenye musalaba ilikuwa ya tatu. Na damu yangu ingali kwa pembe.

Sitadanganya, niliwaza. Nilikuwa na hasira naye. Nyusi ilikuwa inapiga kama moyo. Ningesema tu neno moja, wangemuchukua yeye na goti lake, nami ningerudi kwa watoto. Niliwaza muda wa Salamu Maria mbili.

Kisha nikaandika. Bidoni ya kwanza, Febroni. Ya pili, Febroni. Ya tatu, Febroni. Mulinzi murefu alisoma juu ya bega langu.

"Mama mumoja, bidoni ishirini na sita?"

"Nina kiu sana," nikasema.

Sijui nilitoa wapi. Alinipiga ngumi sikioni, mpaka leo linaimba. Nikaandika mpaka ya kumi na moja. Hapo wakaweka mukono wangu wa kuume kwa meza, na mulinzi akasimama juu na buti, vidole vikiwa vingali na bic. Akageuza kisigino kama mutu anazima sigara. Nilijisaidia palepale. Yule bwana akatoka nje. Nilisikia anatapika.

Waliniuliza tena kesho yake, na kesho kutwa, na kebo ya umeme. Sikusema majina, lakini si kwa ujasiri. Nilikuwa nimefika pale ambapo mutu hana tena jina lingine kichwani.

Padri na shefu wa aveni walikuja kunitoa. Sijui walisema nini. Vidole vitatu vimevunjika, kimoja hakitarudi.

Siku ya pili, tarehe 29

Kampuni imemwaga simenti kwa robine. Wenye karte, wasio na karte, wote ziwani. Wa duka pia. Mwalimu pia, na kravati.

Hakuna aliyefungwa kwa ajili ya kisanduku. Kwa aveni wananisalimia sasa, nusu nusu. Binti wa Muzee Kalisti hapana. Yuko na haki.

Mama Zawadi hajatoka. Mashuka ya watu yamerudishwa kwa wenyewe bila kufuliwa.

Nimejifunga mukaba kwa kipaji, nimeteremka. Mukaba hauhitaji vidole. Kupanda nimepumuzika mara saba. Bidoni yangu nimeiweka kwa mulango wake, nimegonga mara moja, nimeondoka.

Siku ya ine, tarehe 31

Nimepeleka bidoni ingine. Ya juzi ilikuwa imeingizwa ndani. Nilimusikia anakohoa. Nilisimama kidogo. Nikaenda.

Siku ya posho, tarehe 2 mwezi wa nane

Asubuhi nimekuta bidoni yangu ya kwanza kwa kizingiti changu. Tupu. Imesuguliwa na muchanga ndani na nje mpaka imekuwa nyeupe kama ya duka, na kifuniko kimefungwa sana.

Kwake mulango ulikuwa nusu wazi. Kamba ya nguo ilikuwa na shuka moja.

Inaweza kuwa amesema, basi, usilete tena. Inaweza kuwa amesema, lete. Nimekaa nayo miguuni muda murefu. Chai ikapoa. Mutoto akaniuliza kama tunangoja mutu.

Nimeifunga mugongoni. Nimeteremka ziwani.